Pikipiki ya safari Kigoma na Tabora: jua inaumwa wapi kwanza, bampa na hendigadi baadae

Mtu akishapata pikipiki ya safari, iwe Honda XL iliyotoka kwenye mradi, iwe Yamaha AG200, iwe Himalayan au yale makubwa ya KLR 650, swali lake la kwanza ni nifunge nini, anaanza kutafuta bampa (mabomba ya kinga ya pembeni), hendigadi (kinga ya mikono kwenye usukani), sahani ya chini ya injini, dampa (kifaa cha kutuliza usukani usitikisike), mabegi, vyote vinaagizwa Kariakoo vinakuja kwa basi, pikipiki inaongezeka kilo kibao kabla haijatoka hata nje ya Mwanga, hapo Kigoma mjini. Mi nasema anza na inaumwa wapi. Kila kifaa unachofunga kinakuja na kaugonjwa kake, sasa kama lile tatizo kilichokuja kulitibu hukuwa nalo, unabaki na kaugonjwa tu.

Afu angalia unapita wapi. Tabora ukishachepuka lami, tuseme Sikonge kwenda Kitunda au Kaliua kwenda Ulyankulu, kesi yako ni mchanga wakati wa kiangazi na udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, yaani Novemba mpaka Aprili huko. Kigoma ni habari nyingine, ukiwa vijiji vya juu Buhigwe au unashuka kuelekea Buhingu na Kalya unakutana na milima, mawe, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza balaa. Mtu wa mchanga na mtu wa mawe hawanunui vitu sawa hata kama pikipiki zao zimetoka kwenye boksi moja.

Mkono wa klachi au breki unavunjika kila pikipiki ikilala

Hii ndo inayoongoza. Watu wanakimbilia hendigadi moja kwa moja, ila sababu ya kwanza ni boliti. Fundi amekaza kile kishikio cha klachi kwenye usukani mpaka mwisho, kwa hiyo ikidondoka hakizunguki, nguvu yote inaishia kwenye mkono, unakatika. Zungusha tepu nyembamba kwenye bomba chini ya kishikio, kaza kiasi kwamba ukiendesha hakisogei ila ukikipiga kofi zito kinazunguka. Hiyo haina gharama na inaokoa mikono mingi kuliko unavyodhani.

Kama bado inavunjika hapo sasa ndo hendigadi, na zipo za aina mbili usichanganye. Kuna ya plastiki tupu inayoshikwa sehemu moja, hiyo kazi yake ni upepo, matawi na majani ya porini, ukianguka inajikunja na mkono unavunjika vilevile. Na kuna yenye mfupa wa alumini ndani, inashikwa sehemu mbili, moja kwenye bomba la usukani na nyingine kwenye ncha. Ya kubebea pikipiki nzima ikilala ni hiyo ya pili. Kabla hujalipa pima unene wa bomba lako kwa venia, kile kipimo cha milimita: usukani wa kawaida ni milimita 22, ule mnene una milimita 28.6 pale katikati ila kwenye gripu unarudi 22. Kishikio cha 28.6 kwenye bomba la 22 watu wanajazia vipande vya tyubu, afu kikizunguka wakiwa porini wanashangaa.

Sasa kaugonjwa kake. Ukishafunga ile ya mfupa, zungusha resi halafu achia. Inarudi yenyewe kwa kishindo? Kama inarudi polepole au inaganda, ncha ya hendigadi inasukuma gripu ya resi, ivute nje ibaki nafasi ya milimita mbili hivi. Hili usilichukulie poa, resi ikiganda kwenye mteremko utakumbuka. Afu geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia, angalia mfupa haugusi tanki wala haukunji waya wa klachi na mpira wa breki.

Ukigeuza usukani injini inapanda resi yenyewe

Hii nina uhakika asilimia kubwa umeweka raiza, vile vipande vya kuinua usukani ili ukisimama mgongo usiiname. Waya wa resi ulikatwa urefu wa usukani wa kiwandani, umeinua sentimita tatu, sasa ukikata kona waya unavutwa. Klachi nayo inaweza kuvutika kidogo ikawa inateleza na kuungua bila wewe kujua. Suluhisho ni kupitisha waya njia fupi zaidi, ikishindikana weka raiza fupi ya milimita 20 au tafuta waya mrefu. Mpira wa breki ya mbele ndo wa kukagua zaidi, usiwe umenyooka kama kamba ya nguo pale shokapu zikinyooka kabisa, inua gurudumu la mbele juu ndo utaona.

Na kabla hujanunua raiza, simama kwanza kwenye pikipiki na viatu vyako vya safari, shika usukani. Kama mikono inafika bila kuinama sana achana nazo. Mara nyingi kinachotakiwa ni kulegeza usukani, kuuzungusha mbele kidogo, na kushusha mikono ya klachi na breki ikae sawa na mkono ukiwa umesimama.

Usukani unatikisika spidi ikifika 70, 80

Hapa ndo watu wanaliwa hela. Anasikia kuna kitu kinaitwa dampa ya usukani, anaagiza kwa bei ya pikipiki ya Boxer iliyotumika, inafungwa, mtikisiko unapungua, anafurahi. Ugonjwa uko palepale umefunikwa blanketi.

Pitia hivi, na usiruke. Upepo wa tairi kwanza, za baridi, asubuhi. Halafu mzigo: kama una boksi kubwa nyuma ya karia na umeweka kidumu cha mafuta, spea na mahema huko nyuma kabisa, gurudumu la mbele limekuwa jepesi, na la mbele likiwa jepesi linacheza. Dalili yake ni rahisi sana, usiku taa inamulika matawi ya miti badala ya barabara. Ukiona hivyo kaza springi ya shokapu ya nyuma, hamishia vitu vizito mbele na chini, spana na tyubu ziende karibu na tanki au kwenye bampa.

Bado? Inua mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano mdogo wa "tak" mkononi, beringi za shingo zimelegea. Halafu geuza usukani taratibu kwa kidole, ukikwama kidogo pale katikati kama unaingia kwenye kishimo, beringi zimechimbika, hizo ni za kubadilisha, kukaza hakusaidii. Angalia na spoku, gonga moja moja kwa spana ndogo, zote zitoe mlio unaofanana, inayotoa mlio mfu imelegea. Na tairi la meno makubwa likiliwa upande mmoja nalo linatikisa.

Vikiwa vyote vizuri na bado unataka dampa kwa sababu ya mchanga mrefu au mawe yanayopiga tairi la mbele pembeni, sawa, hapo inafanya kazi yake halali. Mimi ningeiweka ya mwisho kabisa kwenye orodha. Na ukiifunga, anza ikiwa laini, ikikazwa sana pikipiki inapepesuka kwenye spidi ndogo, kwa mfano ukiwa unapita katikati ya watu sokoni Gungu, Kigoma, unaona kabisa hainyooki.

Kwenye mchanga mbele inachimba

Hii sio ya duka. Sababu tatu: tairi limejaa upepo, umekaa badala ya kusimama na uzito kurudi nyuma, na umefunga resi kwa woga. Ukifunga resi uzito wote unaenda mbele, tairi linazama, unaanguka upande. Kwa barabara ya kawaida ya vumbi watu wengi wanatembea na 25 mpaka 30 psi, ukiingia mchanga mrefu shusha kuelekea 20 hivi, ukitoka jaza tena, kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mtu wa Tabora ni pampu na kipimo cha upepo, ndogo zinazokaa chini ya siti.

Tairi za tyubu zina mtego. Ukishusha sana tairi linateleza juu ya rimu na kuburuza tyubu, mwisho shingo ya valvu inachanika na hilo pancha halizibiki. Ichungulie valvu: ikiwa imesimama wima kutoka kwenye rimu uko salama, ikiwa imelala upande tairi limeshaanza kutembea. Toa upepo, lirudishe. Na ile nati ndogo ya valvu iache huku juu karibu na kifuniko, usiikaze kwenye rimu, ikikazwa valvu haina pa kulala na hutaona dalili. Kama unapenda kutembea na upepo mdogo sana, funga kishika tairi ndani ya rimu, kipo cha size ya rimu yako.

Tope, gurudumu la mbele limegoma kuzunguka

Udongo wa mbuga huo. Unajaa kati ya tairi na madigadi ya chini mpaka gurudumu linasimama kama limepigwa breki, unaanza kuchokoa na kijiti. Hakuna bampa itakayokusaidia hapa. Unahitaji madigadi ya juu, ile inayofungwa chini ya taa, AG na XL zimezaliwa nayo, waliozitengeneza walijua kwanini. Kama yako ni ya chini na huna ya kubadilisha, fundi anaweza kuinua kwa bushi za sentimita mbili kila boliti. Kaugonjwa: ya juu kwenye spidi ya lami inakamata upepo na mbele inakuwa nyepesi kidogo, na maji ya dimbwi yanakurukia usoni. Kama safari zako nyingi ni lami ya Tabora kwenda Nzega, baki na ya chini.

Injini imepigwa jiwe, au inavuja oili kwa chini

Mtu wa Kigoma hapa asikilize. Sahani ya chini ya injini ndo ya kwanza kununua kama unapita mawe, kabla ya bampa, kabla ya taa. Angalia vitu vinne. Inafungwa kwenye fremu au kwenye injini yenyewe? Ikifungwa kwenye kesi ya injini, jiwe linapiga sahani na sahani inapasua kesi, hasara ileile. Inafunika filta ya oili na kona za mbele au chini tu? Ina tundu la kumwagia oili, au kila sevisi utaivua yote? Na kuna nafasi kati yake na injini, angalau kidole, maana alumini ya milimita tatu au nne inabonyea ikipigwa, ikikosa pa kubonyea inagonga injini.

Chuma fundi wetu anaweza kukunja, ni kizito lakini kinanyooshwa kwa nyundo popote. Alumini nyepesi, ila ikipasuka sio kila mchomeleaji anaiweza, uliza kwanza.

Kaugonjwa kake kapo na ni kakubwa kuliko kwenye vifaa vingine. Dalili ya kwanza: injini imeanza kupiga kelele ya ajabu. Usifungue injini, sahani inarudisha sauti juu, weka vipande vya mpira pale inapokaa kwenye fremu. Dalili ya pili: injini ya kupozwa na upepo inapata moto zaidi kuliko zamani, chungulia, sahani imejaa tope lililokauka likawa tofali limezunguka injini. Lichokoe. Dalili ya tatu ni harufu ya kuungua, na hii naomba uisome mara mbili. Kiangazi kwenye njia za porini nyasi kavu zinakusanyika juu ya sahani, bomba la moshi linapita palepale, zinaanza kufuka moshi kisha moto, na tanki liko juu yake. Ukitoka kwenye njia yenye nyasi ndefu simama, ingiza kijiti, toa nyasi zote.

Bampa ipo lakini pikipiki imeumia vilevile

Bampa nyingi za mtaani zimetengenezwa kwa ajili ya bodaboda kuning'iniza ndoo, sio kuanguka. Dalili: baada ya kuanguka bomba limeingia ndani likabonyeza tanki au kupasua radieta. Sababu ni kushikwa sehemu moja tu. Inayofaa inashikwa juu na chini, na pande mbili zimeunganishwa kwa bomba linalopita mbele, ili upande ulioanguka usaidiwe na mwingine. Ukiilaza pikipiki taratibu kwenye nyasi, iguse ardhi kwa bampa, hendigadi na nyuma, tanki libaki hewani. Jaribu nyumbani na mwenzako, ndo kipimo halisi hicho.

Dalili nyingine: boliti za injini zinalegea ovyo tangu ifungwe. Bampa nyingi zinatumia boliti zilezile za kushikia injini, ukiongeza unene wa bati boliti inakuwa fupi, inashika nyuzi chache. Weka ndefu zaidi, yenye ugumu sawa na ya kiwandani, na gundi ya nati.

Kama unachomelea kitu chochote, usikubali fundi achomelee kikiwa kwenye pikipiki. Ikilazimika, toa waya wa betri, na kama ni ya injeksheni chomoa na kompyuta yake kabisa.

Radieta, feni haizimi

Kwa wenye injini za kupozwa na maji. Wavu wa kinga ni mzuri kwa mawe ya lori, ila wenye matundu madogo unaziba kwa mbegu za nyasi na tope. Osha kwa maji ya taratibu kutokea nyuma kwenda mbele, mashine ya presha inalaza mapezi. Taa nayo vivyo hivyo, wavu ndio, kioo cha ziada cha plastiki kwenye taa ya moto kinaweza kuyeyuka.

Karia inapasuka kwenye weldi, au mguu umebanwa na boksi

Maboksi ya alumini yanapendeza, na mizigo ni salama ukiacha pikipiki nje ya gesti. Ila kwenye mchanga unashusha mguu ghafla, pikipiki inaendelea mbele na boksi linakupiga kwa nyuma kwenye kigimbi, wapo waliovunjika mguu namna hiyo. Kwa njia za huku mimi ni mabegi laini, yanashuka chini, uzito ni mdogo, ukianguka hayapindi karia. Shida yake ni bomba la moshi, begi likigusa eksozi linayeyuka, weka bati la kuzuia joto.

Karia ikipasuka usikimbilie kuchomelea tu tena palepale. Inapasuka kwa sababu uzito uko nyuma ya ekseli ya gurudumu na barabara ya mawimbi inautikisa siku nzima. Punguza mzigo, sogeza mbele, halafu ongeza kipande cha kona kusaidia weldi. Na ukague fremu ya chini ya siti, rangi ikiwa imepasuka kama unywele ujue chuma kimeshaanza.

Stendi inazama, futresti zinateleza

Haya madogo na rahisi. Chomelea bati la ukubwa wa kiganja chini ya stendi, jembamba, likiwa nene pikipiki inasimama wima na upepo unaiangusha. Ipandishe stendi uzungushe gurudumu, bati lisiguse cheni. Futresti toa mpira wa juu, kama chuma chake hakina meno tafuta pana zenye meno, afu urekebishe urefu wa gia na breki ya nyuma kulingana na kiatu.

Mavazi sio mada ya leo ila moja tu, ukipita porini Kaliua au Sikonge usivae koti la bluu au jeusi. Mitego ya mbung'o inatengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu ndo rangi zinazowavuta, na wanafuata kitu kinachotembea, wanauma juu ya nguo nyembamba bila shida.

Ukishafunga chochote kipya usiende nacho safari ndefu siku hiyohiyo. Kila boliti piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa chake mpaka kwenye chuma, ukitoka Tabora mjini simama Urambo uzunguke na tochi, mstari uliovunjika ndo boliti iliyozunguka, kaza hiyo. Beba spana namba 10, 12, 13 na 14, waya mwembamba wa kufungia, na boliti mbili tatu za akiba za kila size uliyotumia, maana ikidondoka kati ya Kaliua na Uvinza sio rahisi kupata mwenye nyuzi sawa na zako.